Nanasi, ukwaju au embe bichi: juisi ipi yenye ukali utengeneze nyumbani?

Wengi wetu tukitaka juisi yenye ukali tunaanza na tunda. Tunapita sokoni, tunaona mananasi yamepangwa, tunachukua mawili, na pembeni kipande cha tangawizi. Wiki ijayo ni ukwaju, na tangawizi. Embe likija, tangawizi. Nilifanya hivyo miaka mingi, na juisi zangu zote zikawa kama zimetoka jagi moja. Siku hizi naanza upande wa pili: najiuliza kwanza nataka ukali gani, ndipo nachagua tunda.

Ukali una aina zake. Wa tangawizi unashuka kooni, unapasha kifua joto, halafu unapoa. Wa pilipili unang'ang'ania ulimi na midomo, na kila funda linaongezea juu ya lililotangulia. Wa pilipili manga na bizari ni mkavu, unausikia puani kabla haujafika mdomoni. Na kila mmoja una tunda linaloubeba vizuri na tunda linalogombana nao. Hapa naweka pamoja vinywaji vitatu ninavyovitengeneza mara kwa mara, vyote bila kilevi, ili anayesita ajue aanze na kipi.

Nanasi na tangawizi

Hiki ndicho anachokipenda karibu kila mtu. Nanasi lililoiva lina sukari nyingi na uchachu kidogo, na tangawizi inaingia katikati yake bila kuleta ugomvi. Mtu aliyezoea kununua Stoney Tangawizi dukani atajisikia nyumbani hapa, ila atashangaa jinsi tangawizi mbichi ilivyo na harufu.

Zipo njia mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Njia ya kwanza ni ya blenda. Nanasi moja la kilo moja na nusu hivi, maji nusu lita, ndimu moja, tangawizi gramu 50. Tangawizi isage peke yake kwanza na maji kidogo, ikamue kwa kitambaa safi, uache hayo maji yatulie kwenye glasi dakika kumi. Utaona chini pamejikusanya unga mweupe, laini kama wa muhogo. Huo ni wanga wa tangawizi. Mimina maji ya juu taratibu, wanga uubakize kwenye glasi. Juisi inakuwa nyepesi zaidi, haikwarui koo, na wewe unatia ukali kijiko kwa kijiko huku ukionja. Ukisaga vyote pamoja, ukigundua umezidisha tangawizi huna la kufanya ila kutafuta nanasi jingine.

Njia ya pili ni ya maganda, na kwangu mimi ndiyo bora. Sugua mananasi mawili kwa brashi chini ya maji mengi kabla hujayamenya, maana udongo hujificha kwenye vijicho. Nyama ya tunda kula au weka kwa kazi nyingine. Maganda pamoja na mioyo ya mananasi yaingie kwenye sufuria na maji lita mbili, tangawizi gramu 100 iliyopondwa kwenye kinu, karafuu sita na kijiti kimoja cha mdalasini. Chemsha moto wa wastani dakika 40. Nyumba nzima itanukia kama jiko la Pemba siku ya karafuu. Chuja, onja, tia sukari kidogo. Rangi inakuwa ya kahawia ya dhahabu, na kinywewe cha moto au cha baridi hakina makosa.

Kuna siri moja kwenye kuchemsha. Tangawizi mbichi ina kitu kinachoitwa jinjeroli, ndicho kinachounguza. Ikikaa motoni muda mrefu sehemu yake hugeuka zinjeroni, ambayo ni tamu na pole. Ndiyo maana chai ya tangawizi iliyochemshwa sana inanukia kuliko inavyouma. Basi nusu ya tangawizi itie mwanzo kwa ajili ya harufu, nusu nyingine itie ukishazima moto, funika dakika kumi na tano. Na ukitumia tangawizi kavu ya unga, punguza mkono: ikikaushwa huwa na shogaoli, na hiyo inauma kuliko mbichi. Kijiko kidogo kwa lita mbili kinatosha kabisa.

Sasa onyo mbili. La kwanza linawahusu wasiotaka kilevi hata tone. Ganda la nanasi lina hamira yake ya asili. Ukililoweka na sukari kwenye joto letu, siku mbili tatu mapovu yanapanda na kinaanza kuwa kinywaji kingine. Mexico wanafanya hivyo kwa makusudi na kinywaji chao kinaitwa tepache. Kuchemsha kunaiua hamira hiyo, lakini hamira nyingine inaweza kuingia kutoka hewani au kwenye chombo, kwa hiyo kilichopoa kiende kwenye friji au kiishe siku hiyo hiyo. Juisi ya blenda haijapita motoni kabisa. Hiyo usiiache mezani kutoka mchana hadi jioni.

Onyo la pili ni la maziwa. Sikukuu moja ya Idi nilitaka kuwafurahisha wageni, nikatia maziwa na barafu kwenye juisi ya nanasi ya blenda mapema ili nisihangaike baadaye. Wageni walipokaa, nusu saa imepita, jagi zima lilikuwa chungu na limekatika vipande. Nilimwaga lita tatu. Nanasi lisilopikwa lina bromeleni, kimeng'enya kinachovunjavunja protini, ndicho kinachofanya ulimi uchonyote ukila nanasi jingi. Maziwa yana protini. Ukitaka nanasi na maziwa, lichemshe nanasi kwanza, bromeleni itakufa motoni.

Ukwaju na pilipili

Hapa ndipo pilipili inapopata nyumba. Pilipili kwenye juisi tamu tupu inakera, kama kelele kwenye chumba kitupu. Kwenye uchachu na chumvi kidogo inatulia, inakuwa sehemu ya ladha. Ukitaka ushahidi simama Mombasa pale Mama Ngina jioni, uone mihogo inavyokamuliwa ndimu kabla ya kunyunyiziwa pilipili. Hakuna anayeitia pilipili peke yake. Na katika matunda yetu, hakuna lenye uchachu mzito na wa kudumu kama ukwaju.

Mkwaju ni mti wa Afrika, unastahimili ukame, na Dodoma utaukuta umesimama ambapo mingine imekata tamaa. Waarabu waliuita tunda lake tamr hindi, tende ya Kihindi, na majina mengi ya Ulaya yametoka hapo. Jina letu sisi ni fupi na linatosha.

Mara ya kwanza nilipojitengenezea mwenyewe nilikuwa na haraka. Nililoweka ukwaju dakika kumi, nikaumimina kwenye blenda na kokwa zake, nikawasha. Sauti yake nitaikumbuka. Nikachuja, nikatia sukari, nikampelekea bibi yangu barazani. Alionja, akaweka glasi chini.

"Mjukuu wangu, hii umeisaga?"

"Ndiyo, bibi."

"Ukwaju unafikichwa. Lete bakuli."

Akaniketisha, akamimina maji ya moto juu ya bonge jipya la ukwaju, akafunika kwa sahani, tukakaa kama saa moja tukiongea mengine. Kisha akaingiza mkono. Vidole vilikuwa vinalitafuta kila kokwa, vinalivua nyama, vinalisukuma pembeni, mpaka maji yakawa mazito kama uji wa mgonjwa na kokwa zote zikabaki uchi chini ya bakuli, nyeusi zinang'aa. Hakuna mashine iliyonifanyia kazi hiyo vizuri zaidi tangu siku ile. Kokwa likivunjika linaacha uchungu na chenga, na chujio halitoi uchungu.

Vipimo vyangu ni hivi: ukwaju robo kilo, maji ya moto lita moja ya kulowekea, kisha maji ya baridi yaliyochemshwa lita moja na robo ya kuongezea. Chumvi ncha ya kijiko. Sukari gramu 150 hadi 200, kulingana na ukwaju wenyewe, maana upo ulio mtamu karibu kama tende na upo unaokunja uso. Fanyia kwenye bakuli la kioo, la udongo au sufuria ya stili. Aluminiamu na ukwaju havipatani. Asidi inakula chombo na juisi inapata ladha ya bati.

Pilipili je? Usiikatekate ndani ya juisi. Tengeneza shira: sukari yote ile, maji kikombe kimoja, na pilipili mbuzi moja iliyopasuliwa mara mbili. Ichemke dakika tano, zima, onja kwa ncha ya kijiko, na ukifika ukali unaoutaka itoe pilipili. Ninachagua pilipili mbuzi kwa harufu yake, ina unono wa tunda ndani yake. Pilipili kichaa ina ukali tu, lakini kama ndiyo iliyopo, mbili zinatosha. Ukiogopa, toa ule utando mweupe wa ndani unaoshika mbegu. Watu wengi wanatupa mbegu wakidhani ndizo zenye moto. Moto mwingi uko kwenye utando.

Uzuri wa shira ni kwamba unaweza kuwa na mbili. Gawa sukari sehemu mbili, chupa moja yenye pilipili na nyingine ya iliki tupu, na jagi la ukwaju halijatiwa kitu. Mtoto anamiminiwa ya iliki, baba anamiminiwa anachokiweza, mgeni anaulizwa. Kwenye nanasi huwezi kufanya hivyo kwa urahisi; kwenye ukwaju ndiyo namna yake.

Na ikitokea mtu amezidiwa na pilipili, usimpe maji. Kapsaisini, ile inayounguza, haiyeyuki vizuri kwenye maji bali kwenye mafuta, hivyo maji yanaisambaza mdomoni tu. Mpe maziwa, mtindi au kipande cha mkate wa kumimina wenye tui.

Lawama moja ya haki juu ya ukwaju: ukinywa mwingi unafungua tumbo. Glasi moja na chakula, mbili kama umezoea, hapo simama.

Embe bichi na bizari

Hiki ni cha msimu, na ndiyo maana nakipenda kwa namna nyingine. Maembe yanapoanza kuning'inia kabla hayajaiva, mwishoni mwa mwaka, kila mtoto wa pwani anajua embe bichi linavyoliwa: vipande, chumvi, pilipili ya unga. Kinywaji ni hicho hicho kimegeuzwa maji. Wahindi wanacho siku nyingi, wanakiita aam panna, wanakinywa wakati wa joto kali la kaskazini mwa nchi yao.

Chukua maembe mabichi matatu, magumu, ambayo kokwa lake limekomaa. Yaweke juu ya makaa yasiyo na moto mkali, uyageuze mpaka ganda liwe jeusi na nyama ilegee kabisa, kama biringanya la kuchoma. Menya, kamua nyama kwenye bakuli, ponda kwa uma. Tia maji lita moja na nusu, sukari vijiko vitano vya chakula, chumvi nusu kijiko cha chai, pilipili manga iliyotwangwa muda huo huo, na kijiko kimoja cha chai cha bizari nyembamba iliyokaangwa kavu mpaka inukie, kisha ikasagwa. Majani ya nanaa ukiwa nayo. Anayekosa makaa achemshe maembe na ganda lake, itakubali, lakini ule moshi hautakuwepo, na moshi ndio nusu ya kinywaji.

Ukali wake ni wa chini, unapanda puani na kuondoka. Tangawizi hapa usiitie. Nimejaribu zaidi ya mara moja, na harufu yake inaufunika moshi wa embe.

Ukiviweka pamoja

Kwa kazi, nanasi la blenda ni dakika ishirini na umemaliza. Maganda ni saa nzima, lakini sufuria inajipikia. Ukwaju unataka mkono wako na uvumilivu wako. Embe linataka makaa, na kwa aliyepanga ghorofani hilo peke yake linaweza kumaliza mjadala.

Kwa mfuko, maganda ya nanasi hayana mpinzani, kwa sababu tunda umeshalila na unachokitumia ni kile ambacho kingeenda jalalani. Ukwaju unafuata: robo kilo inatoa zaidi ya lita mbili. Nanasi la blenda ndilo ghali, hasa msimu wake ukipita. Wakati mananasi ya Kiwangwa yanapofurika Dar es Salaam ni rahisi. Miezi mingine utalipia.

Kwa asiye na friji sina mashaka yoyote: ukwaju. Bonge kavu kwenye chombo kilichofungwa linakaa miezi kabatini, na kila siku unaloweka kiasi cha siku hiyo. Embe bichi halisubiri, na nanasi likishakatwa ni saa chache. Mwenye friji anaweza kuweka maji ya maganda siku tatu au nne, ukwaju mzito usiotiwa maji ya mwisho karibu wiki, embe siku mbili. Juisi ya blenda inywe siku hiyo hiyo, friji au bila friji.

Kwa chakula, ukwaju uende na biriani, pilau na nyama za kuchoma, kwa sababu uchachu unakata mafuta. Embe na samaki wa kukaanga au mihogo. Nanasi la maganda halihitaji chakula, ni la asubuhi, la mvua, la mtu mwenye mafua.

Kwenye futari nina msimamo wangu. Tumbo limeshinda tupu, usilipokee kwa pilipili. Ukwaju uwe wa shira ya iliki, au mpe mtu kikombe cha maganda ya nanasi kikiwa vuguvugu. Pilipili isubiri daku au siku ya sikukuu. Na mwenye vidonda vya tumbo asisukumwe na wenyeji kuonja ukwaju wala pilipili. Mtengenezee kitu chake. Anayetumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi amuulize daktari wake kabla ya kuzoea tangawizi nyingi kila siku.

Pasheni na ubuyu nimeviacha nje kwa makusudi. Pasheni inabeba pilipili vizuri sana, karibu sawa na ukwaju, lakini kupata lita mbili unahitaji mfuko mzima wa matunda. Ubuyu ni mzito, unaelekea kwenye chakula kuliko kinywaji.

Anayeanza kabisa, aanze na maganda ya nanasi. Ni vigumu kuyaharibu, hayagharimu, na yatakufundisha kupima tangawizi. Akishapata mkono aende kwenye ukwaju na shira zake mbili, na hapo mimi ndipo ninapobaki mwaka mzima. Embe lingojee msimu.

Kuna jambo moja la mwisho ninalolifanya siku za joto. Maji ya maganda ya nanasi yakibaki, nayagandisha kwenye vyombo vya barafu bila kuongeza sukari. Ukwaju wa pilipili nikishaumimina kwenye glasi natia vipande vitatu vya barafu hiyo badala ya barafu ya maji. Mwanzo unakunywa pilipili. Kadiri barafu inavyoyeyuka, karafuu na tangawizi zinaingia, na unapofika chini ya glasi nanasi limeshaukamata ukwaju.